Dakika 22 kila upande: tulivyotoa albamu yetu ya kwanza

Kwa miaka sita tulipiga foki ya saikedeliki, muziki wenye mizizi ya jadi, bila kuamua karibu jambo lolote. Tulikuwa wanne: mimi na gita la nyuzi 12, dada mmoja wa hamoniamu, kaka wa filimbi ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, na kijana wa ngoma za mkono. Tukipanda jukwaani tulijua tu wimbo unaanzia wapi. Utaishia wapi, nani ataingia baada ya nani, utachukua muda gani, hayo tuliyaachia usiku wenyewe. Wimbo wetu mkubwa, ule ambao watu walikuwa wakituuliza kila wanapotukuta, kuna siku ulichukua dakika 18 na kuna siku ulifika 35. Tuliamini roho ya kazi yetu iko hapo.

Kisha tukasema sasa tutoe albamu. Na albamu, nilikuja kuelewa, ni kuamua tangu siku ya kwanza mpaka siku inatoka. Tutyuni ala, yaani tulinganishe sauti zake, kwa kipimo gani, wimbo uwe na urefu gani, nani ameutunga, utoke lini. Kila swali lilitukuta hatuna jibu, na karibu kila jibu lilituuma mahali. Naandika haya nikiwafikiria wenzangu wanaopiga muziki wa aina hii, wenye nyimbo nyingi kichwani na bado hawajaingia studio.

Nianze na neno lenyewe, saikedeliki, kwa sababu halikwepeki. Ukisema unapiga foki ya saikedeliki, watu wanawaza dawa za kulevya. Wazazi wa kijana wetu wa ngoma walinikalisha chini na kuniuliza uso kwa uso, na walikuwa na haki ya kuuliza. Niliwaeleza ninachokijua. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1956 na daktari wa magonjwa ya akili, Humphry Osmond, katika barua alizokuwa akiandikiana na mwandishi Aldous Huxley. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la nafsi na jingine la kudhihirika. Ndiyo, Osmond alikuwa akizungumzia dawa, na ndiyo, wanamuziki wengi wa miaka ya 1960 walizitumia; sikuwaficha. Lakini kilichobaki kwenye muziki, na ndicho tulichokirithi sisi, ni namna ya kusikiliza. Unachukua wimbo wa jadi, gita lisilo na umeme na sauti ya mtu, unaviwekea chini mvumo usiokatika, mwangwi, utepe wa kurekodia unaokwenda kinyumenyume, mpaka kitu ulichokizoea tangu utoto kinakuwa kigeni masikioni mwako. The Incredible String Band, bendi iliyoanzia Edinburgh na kutoa albamu yake ya kwanza mwaka 1966, ilifika huko kwa kuchanganya nyimbo za kwao na ala za India na Morocco. Hakuna kinachokulazimisha kumeza chochote ili usikie hivyo. Mama yake kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mwangalieni mdogo wenu." Tukamwangalia.

Uamuzi wa kwanza uliletwa na hamoniamu. Kwa asiyeijua, ni kinanda kidogo unachokaa nacho sakafuni. Mkono mmoja unabonyeza vitufe, mwingine unapepea mivukuto kwa nyuma, na upepo unapita kwenye vijilimi vya shaba vinavyotetemeka. Gita utalikaza au kulilegeza kwa sekunde chache. Kijilimi cha shaba hakina ufunguo. Ukitaka kukibadilisha ufungue kinanda, ukikwangue taratibu sana, kwenye ncha ikiwa unataka sauti ipande, kwenye shina ikiwa unataka ishuke, na ukizidisha umeshaharibu. Kwa hiyo kwenye bendi yenye hamoniamu, wote huifuata hamoniamu.

Sisi tulidhani tunaifuata. Siku ya kwanza studio fundi sauti akatuwekea kipimo. Noti ya A inayotumiwa sehemu nyingi duniani ni mitetemo 440 kwa sekunde. Filimbi ikasoma 440. Hamoniamu ikasoma 443. Mimi siku zote nilikuwa natyuni kwa sikio, mara nikimfuata huyu, mara nikimfuata yule, kwa hiyo gita langu lilikuwa popote katikati. Tukatazamana bila kusema neno.

Sauti mbili zikikaribiana hivyo bila kulingana, husukumana. Sikio linasikia wimbi linalovimba na kunywea, na idadi ya mawimbi kwa sekunde ni ile ile tofauti yao: 443 toa 440, mawimbi 3 kila sekunde. Kumbe ule mtikisiko ambao watu walikuwa wakitusifia baada ya onyesho, wakiuliza tunatumia mtambo gani, ulikuwa ni filimbi na hamoniamu kutolingana. Ukumbini, katikati ya watu, ulikuwa mtamu. Kwenye spika za studio, mita moja kutoka usoni, ulichosha ndani ya dakika 2, kama taa inayopepesa.

Halafu kukawa na joto. Chumba kikipata joto filimbi hupanda, na vijilimi vya shaba hushuka kidogo. Tulirekodi hamoniamu asubuhi, tukaweka filimbi jioni baada ya taa na miili kukipasha chumba siku nzima, na hazikuungana kabisa. Siku mbili za kazi zilikwenda hivyo. Baada ya hapo tulirekodi filimbi na hamoniamu kwa pamoja, saa zile zile, na kabla ya kila wimbo tulisubiri robo saa ili ala zizoee chumba. Ukitoka kwenye haya yangu na jambo moja tu la kiufundi, naomba liwe hili.

Nyimbo nyingi tulizilinganisha. Mkubwa wetu alisukuma kichwa cha filimbi ndani ili bomba lifupike na sauti ipande. Ila kwenye wimbo mmoja wa mvumo, dada wa hamoniamu alikataa ulinganifu. Alifumba macho, akashika noti moja, akamwambia, "Kaka, sogeza ndani mpaka wimbi litulie. Hapo hapo. Sasa rudisha unywele mmoja." Akarudisha. Likabaki wimbi moja kwa sekunde, la polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Tulirekodi hivyo. Ulikuwa ule ule mtikisiko wetu wa zamani, ila safari hii tuliuchagua.

Sasa nije kwenye wimbo mkubwa, maana ndio uliotusumbua kuliko vyote.

Tulitaka albamu itoke mtandaoni na kwenye santuri. Kwa muziki wetu santuri haikuwa pambo. Tulitaka mtu akae chini, aweke sindano, asiruke wimbo. Tukaenda kumwona mzee mmoja anayekata sahani mama, zile ambazo santuri hunakiliwa kwazo, tukamchezea wimbo ule, rekodi ya onyesho moja, dakika 31. Alisikiliza wote. Hakuangalia saa hata mara moja, na kwa hilo nilimpenda. Kisha akasema, "Wanangu, ni mzuri. Hautoshi, na umekaa kichwa chini."

Akachukua santuri tupu akatuonyesha kwa kidole. Santuri ya inchi 12 inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kasi hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho. Lakini mduara wa ukingoni ni mkubwa na wa karibu na lebo ni mdogo. Sekunde moja ya muziki ukingoni hupewa karibu nusu mita ya mfuo, ule mtaro mwembamba unaopitwa na sindano. Sekunde hiyo hiyo mwishoni, karibu na lebo, hupewa kama sentimita 21 tu. Sauti kali na nyembamba, filimbi ya juu, matoazi, herufi "s" za mwimbaji, zikibanwa kwenye sentimita 21 hukwaruza. Tena kadiri upande unavyokuwa mrefu ndivyo mifuo inavyosogeleana, na ili isiingiliane lazima sauti ipunguzwe. Ukitaka usikike vizuri, alisema, usizidi sana dakika 22 kwa upande.

Hilo la dakika lilituuma, ila tulilitarajia. Lililotunyima usingizi ni lile la kichwa chini. Wimbo wetu ulianza kwa mvumo mtupu na kupanda, kupanda, mpaka mwishoni filimbi inapiga kelele juu kabisa na ngoma zinapasuka. Yaani kilele chetu kilikuwa kinaangukia pale pale ambapo santuri ina nafasi ndogo kuliko zote.

Tulikuwa na njia tatu. Kuacha santuri. Kuupunguza makali mwisho wa wimbo. Au kuugeuza: uanze kileleni, ushuke hadi mvumo. Mkubwa wetu alisema la tatu ni wendawazimu. "Mlima haupandwi kuanzia juu," alisema, na kwa wiki mbili hakutaka kulisikia. Sikumlaumu. Ule mpando alikuwa ameujenga yeye kwa pumzi zake mwenyewe.

Tulijaribu mazoezini, ilimradi tu tuseme tumejaribu. Mara ya kwanza ilikuwa mbaya: dakika tano za kelele, kisha hakuna anayejua la kufanya, kila mtu anapunguza sauti kama anayeomba radhi. Mara ya pili na ya tatu hivyo hivyo. Kijana wa ngoma ndiye aliyeona kasoro. Akasema miaka yote tumejifunza kuingia, hakuna aliyejifunza kutoka. Kwenye wimbo unaopanda, unasubiri, unasikia nafasi, unaingia. Kwenye wimbo unaoshuka lazima usikie wakati ambapo umeshasema yako, unyamaze kabisa, na uvumilie kukaa kimya hapo ulipo huku wengine wakiendelea. Akaonyesha. Alipiga kwa nguvu zake zote, akaanza kutoa pigo moja moja kutoka kwenye mzunguko wake, kama mtu anayeng'oa matofali ukutani bila ukuta kuanguka, mpaka likabaki pigo moja kila mizunguko minne. Halafu hakuna. Mikono yake ikabaki juu ya ngozi bila kuigusa.

Chumba kizima kilibadilika. Filimbi ikabaki na gita na mvumo. Kisha mimi nikatoka. Kisha mkubwa wetu akashusha filimbi magotini, na dada akabaki peke yake na noti mbili. Msikilizaji anaanza katikati ya umati na anaishia chumbani peke yake na pumzi ya mivukuto. Mkubwa wetu alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Tunaweza kurudia?"

Wimbo huo tuliurekodi kwenye utepe, wote wanne kwa pamoja, na utepe nao ukawa na sheria yake. Mviringo mmoja una mita 762. Ukiukimbiza kwa sentimita 38 kwa sekunde unapata dakika 33 hivi. Wimbo wa dakika 22 unaingia mara moja, mara ya pili haiingii. Tulikuwa na miviringo miwili tu. Maana yake, kila tulipotaka kujaribu tena ilibidi tuamue: kati ya hii na ile, tunafuta ipi? Wanaorekodi kwenye kompyuta huweka majaribio 60 na kuahidi kuchagua baadaye. Sisi tulichagua hapo hapo, jasho bado usoni. Kuna jaribio la nne ambalo mimi nililipenda sana na wenzangu watatu hawakulipenda. Lilifutwa. Bado nalisikia kichwani mara nyingine, na nadhani walikuwa sahihi. Lililobaki ni la tisa, dakika 21 na sekunde 40.

Kwa kuwa nimeutaja utepe, niseme kidogo kuhusu filimbi ya kinyumenyume, kwa sababu watu wengi wanadhani ni kubofya kitufe. Ukirekodi noti na kuigeuza, ule mlio unaofifia unakuja kwanza, unavimba, kisha unakatika ghafla mahali ambapo ulimi ulianzisha. Hilo la noti moja. Lakini ukigeuza wimbo mzima, na melodia nayo inageuka, na aghalabu inakuwa takataka. Mkubwa wetu alitaka melodia iende mbele, noti tu ndizo zije kinyume. Kwa hiyo alijifunza melodia yake kuanzia noti ya mwisho hadi ya kwanza. Tuligeuza utepe, akavaa vipokea sauti, akawa anasikia wimbo wetu wote ukienda kinyume, ngoma zikinyonywa badala ya kupigwa, na juu ya hapo akapiga melodia kuanzia mkiani. Alifanya mazoezi siku nne. Tulipourudisha utepe sawa, melodia ilitoka imenyooka, kila noti ikichipuka kutoka kwenye ukimya. Na kati ya noti kulikuwa na kitu ambacho hatukukitarajia: pumzi zake. Alipokuwa anavuta hewa, kinyume chake kilisikika kama mtu anayeshusha pumzi ndefu. Fundi sauti akauliza kama azifute. Tukasema wote kwa pamoja, hapana. Huo ulikuwa uamuzi wetu mwepesi kuliko yote.

Mgumu kuliko yote haukuwa wa sauti.

Kabla nyimbo hazijaenda kwa msambazaji, lazima ujaze nani ametunga nini. Kuna haki mbili kwenye kila rekodi, na nilikuwa sijui hivyo: haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, na haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku ile. Mirabaha yake hupita njia tofauti na mara nyingi huenda kwa watu tofauti. Mimi ndiye niliyekuwa nikijaza fomu. Kwenye utunzi wa nyimbo sita kati ya nane niliandika jina langu peke yangu. Sikuwa na nia mbaya, au ndivyo nilivyojiambia. Maneno ni yangu, naimba mimi, melodia inatoka kwenye gita langu. Nikawatumia wenzangu waangalie.

Dada wa hamoniamu alinipigia simu jioni hiyo hiyo. Hakupandisha sauti. Alisema, "Kaka yangu, unakumbuka tunazo kanda za mazoezi? Zisikilize kwanza, halafu tuzungumze."

Nilizisikiliza usiku kucha. Kwenye kanda ya wimbo ule mkubwa, ya miaka minne nyuma, melodia yangu haipo. Kuna dakika saba za kijana wa ngoma, wakati huo akiwa mgeni kabisa katika bendi, akizungusha mdundo wa mapigo saba wenye pengo kwenye pigo la tano. Dada anaingia na noti mbili kwenye lile pengo. Mimi nasikika nikipapasa, nikikosea, nikipapasa tena, na melodia ninayoiita yangu inaanza kujitokeza dakika ya 11, imekaa juu ya pigo lake kama nguo juu ya kamba. Bila kamba isingekuwa na pa kukaa. Na kijana yule, aliyeiona fomu ile, hakuwa amesema lolote. Angeweza kunyamaza maisha yake yote, kwa sababu amezoea kuambiwa kwamba mpiga ngoma hatungi.

Asubuhi nilikwenda kwake, nikamwomba radhi, yeye na wale wawili. Tukaandika karatasi moja: maneno ni ya aliyeyaandika, muziki ni wa wote wanne kwa asilimia 25 kila mmoja, nyimbo zote, zilizopo na zitakazokuja tukiwa pamoja. Tukatia sahihi. Wimbo mmoja wa jadi tuliuandika kuwa wa jadi, mpangilio wetu, baada ya kuhakikisha hatukubeba mpangilio wa mtu mwingine. Kwa muziki unaozaliwa kwa kupiga papo kwa papo, naamini mgawanyo sawa ndio wa kweli, na ninawasihi wenzangu muuandike kabla ya kuingia studio, mkiwa bado mnacheka pamoja. Sisi tulichelewa na nusura tupoteze mtu.

Kutoa kwenyewe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa makosa yetu yalikuwa ya kawaida. Tangu Julai 2015 siku ya albamu mpya duniani ni Ijumaa. Tulijua hilo. Tusilojua ni kwamba Spotify, jukwaa la kusikiliza muziki mtandaoni, hushauri wimbo upendekezwe kwa wahariri wake angalau siku 7 kabla, na sisi tulipeleka faili Jumanne kwa ajili ya Ijumaa hiyo hiyo. Nafasi ikatupita, kwa uzembe wetu wenyewe. Santuri nazo, 300, zilichelewa kiwandani, zikafika wiki tano baada ya albamu kuwa mtandaoni. Leo nisingetangaza tarehe kabla santuri haziko mkononi.

Kulikuwa na kishawishi kimoja cha kusema. Usikilizaji mmoja huhesabiwa mtu akifikisha sekunde 30, uwe wimbo wa dakika 2 au wa dakika 22. Na tangu 2024, kwenye jukwaa hilo, wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi mirabaha ya rekodi. Mtu mmoja anayetutakia mema alishauri tuukate wimbo mkubwa vipande saba ili uhesabiwe mara saba. Kwa hesabu, alikuwa sahihi. Tulikaa nalo jioni moja. Tukaona kwamba tumeugeuza wimbo juu chini kwa ajili ya kitu tunachokiheshimu, yaani sikio la mtu aliyekaa chini, na hatukuwa na sababu kama hiyo ya kuukata. Tukauacha mzima.

Ijumaa ilifika, na hakukutokea kitu. Marafiki walipiga simu, ndugu walisambaza, kufikia Jumapili kukawa kimya. Nilikuwa nimejiandaa kusifiwa na nimejiandaa kusemwa, ukimya sikuuandalia chochote. Nilijikuta nikiwasoma waliotangulia. Vashti Bunyan, Mwingereza, alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970. Haikuuzika, akaacha muziki, akalea watoto. Ilichapishwa upya mwaka 2000, kizazi kingine kikaikuta, na albamu yake ya pili ikatoka 2005. Linda Perhacs wa Marekani naye alitoa ya kwanza mwaka 1970, akarudi kwenye kazi yake ya kusafisha meno ya wagonjwa kliniki; ya pili ilikuja 2014. Sikuwa nikitafuta ahadi kwamba na sisi tutakumbukwa. Nilitaka kujua mtu anaishi vipi wakati albamu yake iko nje na hakuna anayejibu. Wao waliishi. Waliamka, wakafanya kazi, na muziki ukabaki vile vile walivyouacha.

Kuna uamuzi mmoja wa mwisho sijausimulia. Mwishoni mwa kila upande wa santuri kuna mfuo unaojifunga, duara linalorudi mwanzoni, ili sindano isiteleze hadi kwenye lebo. Kwa kawaida huwa kimya. Yule mzee alituuliza, mvumo wenu wa mwisho mnataka uishie wapi, ufifie baada ya sekunde ngapi? Tulibishana: sekunde 10, dakika nzima, ukatike ghafla. Baada ya mwaka mzima wa kuamua tulikuwa tumechoka kweli. Dada wa hamoniamu akamuuliza, "Mzee, je, ukiuacha uingie kwenye duara?" Akatabasamu. Alisema inawezekana, ila duara moja ni sekunde 1.8 tu, na noti zikibadilika ndani yake kutakuwa na mkwaruzo kila mzunguko. Dada akasema hazitabadilika. Alikuwa amezishika zile noti mbili bila kutikisika kwa dakika tatu za mwisho.

Santuri ya majaribio ilipofika tulikaa wanne sakafuni kuisikiliza. Ngoma zikatoka, gita likatoka, filimbi ikashuka. Sindano ikafika kwenye duara na mvumo ukaendelea. Kulikuwa na kishindo kidogo mno kila inapozunguka, kama moyo wa mtu unaosikika ukiweka sikio mgongoni. Tulingoja. Hakuna aliyeinuka kwenda kuinua sindano, na sijui tulikaa hapo muda gani. Mwishowe mkubwa wetu alichukua filimbi yake kutoka kwenye mkoba, akasogeza kichwa ndani, akarudisha unywele mmoja, akaanza kupiga.